Umepumzika

Saa kumi na moja na nusu, Gongo la Mboto bado inajinyoosha.
Wauza supu wanapuliza moto,
mimi natia upepo matairi.
Baiskeli yangu naiinua kwa vidole viwili;
fundi Rwiza aliiunga kwa mabaki ya mtumba,
rimu za Mbelgiji, mnyororo wa Mchina,
tandiko jembamba kama lawama.

Sihitaji ramani.
Njia hii niliisikia kwa baba kabla sijajua a, e, i, o, u:
Kondo Pazi, mchukuzi wa mkaa,
aliyevipa vilima majina yake mwenyewe
kwa kuwa, alisema, huwezi kugombana na kitu kisicho na jina.

Cha kwanza, ukiiacha Pugu Kajiungeni,
alikiita Karani:
kirefu, hakina hasira, kinakuzungusha tu,
njoo kesho, njoo kesho, na kilele hukioni.
Cha pili, Mama Mkwe:
hupandwa kwa adabu, kichwa kimeinama.
Cha tatu, penye kona,
msitu unaposogea hadi ukingoni mwa lami
na baridi ikakunusa shingo,
hicho jina lake halikutajwa mbele ya watoto.
Tulilijua.

Saa ya mkononi inakijua kwa namna nyingine.
Mita mia tisa. Mwinuko, asilimia nane.
Moyo, mapigo mia na sitini na tisa.
Hulia kidogo, tii, kama kifaranga.

Tunatoka sita kila Jumapili, nguo za kubana, rangi za pipi.
Wenzangu vijana. Kwenye Karani hunisubiri,
kwenye Mama Mkwe husahau kusubiri.
Sina kinyongo. Nina miaka arobaini na saba,
nina hesabu za duka la mabati kesho asubuhi,
nina goti linalotabiri mvua.
Nashusha gia, nakaa, nahesabu mikorosho.

Leo, nikikishuka kile cha tatu upande wa Kisarawe,
upepo ukinitoa machozi,
nikamwona anapanda.
Magunia matatu, lumbesa, yamekazwa kwa mipira ya tyubu;
baiskeli haionekani, unaona mlima mdogo mweusi
ukisukumwa juu ya mlima mkubwa.
Ndala moja imekatika, ameishona kwa waya.
Akasimama, akaegemeza mzigo kwa kijiti chenye panda,
kijiti kama kile, naapa, cha nyuma ya mlango wetu,
kilichokaa pale hadi mchwa walipokirithi.

Breki. Nikageuza.
Nyepesi yangu nikaificha kwenye majani.
“Shikamoo mama,” akasema, akivishangaa viatu vyangu
vinavyogonga lami kama kwato.
Anaitwa Mwinshehe.
“Haya Mwinshehe, shika usukani, usigeuke.”
Nikaweka bega kwenye gunia.

Hatua kumi, kijiti. Hatua kumi, kijiti.
Vumbi likaingia puani na harufu ikafungua mlango:
shati la baba msumarini,
mama akilifulia kwenye ndoo yake peke yake,
lisije likagusa sare zetu za shule.
Miaka yote ile nilidhani kile kikohozi
kilikuwa sauti yake.

Katikati ya kona, tii.
Nikaitazama kwa jicho lenye jasho.
Mwendo: sifuri.
Umepumzika, imeandika.

Nikacheka hadi akageuka.
“Vipi mama?”
“Sukuma. Naambiwa napumzika.”
Naye akacheka, tukapoteza hatua mbili,
tukazidai, tukalipwa.

Kileleni nikalitamka lile jina, kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani.
Mwinshehe akafuta uso kwa kiganja.
“Kumbe unalijua,” akasema. “Hata sisi tunakiita hivyohivyo.”
Halafu akaniuliza, huku kuzunguka vilimani nalipwa ngapi.
Silipwi.
Akanitazama kwa huruma ya kweli,
akanikatia nusu ya muhogo wake.

Wenzangu wataniuliza zile dakika arobaini zilikwenda wapi;
kwenye mstari wa safari yangu pana pengo.
Sijaamua jibu.
Nimekaa barazani, nasugua mnyororo kwa mswaki mkuukuu,
bega la kushoto bado jeusi.
Mama angenitengea ndoo.